Mrejesho: banda la kivuli juu ya kifusi, Tanga

Wakuu, niliomba ushauri wa banda la kivuli kwa bustani ya umma kwenye kiwanja cha kifusi, pembeni ya bahari. Mliotaja bustani ya Gardens by the Bay ya Singapore, iliyofunguliwa 2012 juu ya ardhi iliyofukiwa baharini, ahsanteni. Nyumba zao za mimea za vioo sizitaki, kwa joto la Tanga ni kupika miche. Tulichoiga ni madimbwi yenye mimea ya kuchuja maji ya mvua; letu tumepanda matete.

Banda ni boriti na makuti, pande mbili wazi upepo wa kusi upite. Misumari ilishika kutu upesi, sasa tunafunga kwa kamba za katani. Miti ya mikungu na mivinje imeshika vizuri. Mwembe, ncha za majani zimeungua kwa chumvi, nani kauweza?