Fomula ya kwadratiki: kalkuleta inagoma, nakosea wapi?

MamaPacha
Habari zenu wakuu. Niliacha shule kidato cha pili, sasa najiandaa na QT (ule Mtihani wa Maarifa), na hesabu najisomea mwenyewe usiku watoto wakishalala. Nimefika kwenye milinganyo ya kwadratiki na leo ni siku ya tatu nimekwama kwenye swali moja:

2x² − 5x − 3 = 0

Fomula ninayo kichwani hata ukiniamsha usingizini: x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a. Nikaweka a = 2, b = −5, c = −3. Kwenye kalkuleta nabonyeza −5² − 4 × 2 × −3, inanipa −1. Nikitafuta kipeuo cha pili cha −1 inagoma. Nikaandika "halina jibu", kumbe nyuma ya kitabu wameandika 3 na −½. Nisaidieni, na msinicheke.

Chaki_Nyeupe
Dada, fomula umeijua, kalkuleta ndiyo hamjaelewana. Ukibonyeza −5² inazidisha 5 kwa 5 kwanza, halafu ndiyo inabandika hasi, unapata −25. Wewe ulitaka (−5)², na hasi mara hasi ni chanya, 25. Usiache mabano kila b ikiwa hasi. Kisha −4 × 2 × −3 ni +24, jumla 49, kipeuo chake 7. Na −b pale mbele ni −(−5), yaani 5.

Siku nyingine ukiona b² imetoka hasi, simama hapo hapo. Hakuna namba halisi inayojizidisha yenyewe ikatoa hasi.

MamaPacha
Asante kaka, 49 nimeiona! Lakini sasa napata 6.75 na 3.25. Jamani.

Chaki_Nyeupe
Umebonyeza 5 + 7 ÷ 4, siyo? Hapo 4 imegawanya 7 peke yake. Ule mstari wa sehemu umebeba vyote vya juu. Maliza juu kwanza: 12 ÷ 4 = 3, na −2 ÷ 4 = −½.

kijana_wa_form4
Kwani fomula ya nini hapo? 2x² − 6x + x − 3, unapata (2x + 1)(x − 3), kwisha. Mnamzungusha mama wa watu.

Bibi Logi
Kijana, jaribu x² − 4x + 1 = 0 kwa mtindo huo huo, tunakusubiri.

kijana_wa_form4
😅 Hiyo haigawanyiki. Fomula inatoa 2 ± √3. Nimekaa.

MamaPacha
Nyingine, ya maneno. Shamba la mstatili, urefu umezidi upana kwa mita 5, eneo mita za mraba 84. Upana nimeuita x:

x(x + 5) = 84
x² + 5x − 84 = 0

Nimehamisha 84 kwanza ili kulia ibaki 0. Ndani ya kipeuo nimepata 25 + 336 = 361, kipeuo 19. x = 7 au x = −12. Hiyo −12 naipeleka wapi?

Bibi Logi
Safi sana mwanangu, wengi hiyo 84 wanaisahau upande wa kulia. Hiyo −12 ikate, ila andika sababu: upana wa shamba hauwi hasi. Usiikate kimyakimya, msahihishaji atadhani hukuiona. Al-Khwarizmi, yule mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9, majibu hasi hakuyahesabu kabisa, kwa hiyo una mwenzio.

MamaPacha
Basi upana mita 7, urefu mita 12. 7 × 12 = 84, imekubali!

Chaki_Nyeupe
Sasa iangalie tena ile −12 uliyoikata, halafu uangalie urefu wako.

MamaPacha
Weee! Na mimi nilikuwa naenda kulala.