Zapier, Make, Power Automate au skripti: ipi inafaa ofisi ya watu sita?

FundiKaratasi
Habari wakuu. Ofisi yetu ipo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tunauza vipuri vya malori. Kwa siku zinaingia ankara kama 15 kwa barua pepe, nyingi ni PDF. Dada wa mapokezi anazishusha moja moja, anaziweka kwenye folda ya mwezi, anaziandika kwenye jedwali, halafu anamjulisha mhasibu. Akiugua siku mbili tu, tarehe 20 ya ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inatukuta tunapekua. Nataka kazi hii ijiendeshe. Nasikia kuna Zapier, Make na Power Automate, huduma za mtandaoni zinazounganisha programu zifanye kazi zenyewe, au skripti, yaani programu fupi ya kujiandikia. Tunatumia Gmail ya bure. Bajeti: bosi kasema "kwanza nione".

Mzee_wa_Samora
Kwa bosi wa "kwanza nione", Zapier weka pembeni. Ni rahisi kuliko zote, mtu asiyejua programu anaiweka kwa mchana mmoja. Lakini ya bure inakupa matendo 100 kwa mwezi, na kila mtiririko (mfuatano wa kazi unaoupanga) una tendo moja tu baada ya lile tukio linaloanzisha. Wewe una matatu: hifadhi, andika, julisha. 15 mara 3 ni 45 kwa siku. Hata wangekuruhusu, siku ya tatu umeshamaliza mwezi.

BintiTabata
Make inatoa matendo 1,000 bure kwa mwezi, ila sikiliza kilichonikuta. Niliiweka ichungulie barua kila dakika 15, ndiyo kasi ya juu kwa asiyelipa. Sikujua kwamba kuchungulia nako kunahesabiwa, hata kama hakuna barua! Mara 96 kwa siku, usiku na Jumapili zimo. Siku ya kumi na moja mgao ukakata, na kazi yenyewe ilikuwa haijafika hata robo. Nikaona nimelipa mlinzi alinde kiwanja kitupu.

Sasa inachungulia kila saa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku za kazi tu. Hiyo ni 220 kwa mwezi.

Mzee_wa_Samora
Bado hesabu haifungi kwa huyu ndugu. Ankara 330 kwa mwezi (15 kwa siku 22 za kazi) mara 3 ni 990, ongeza 220, amepita.

BintiTabata
Kweli mkuu. Basi aondoe ule ujumbe wa kila ankara, mhasibu apate muhtasari mmoja jioni. 660 za kuhifadhi na kuandika, 220 za kuchungulia na 22 za muhtasari, jumla 902. Na mhasibu naye atapumua, nani anataka simu ilie mara 15? Tatizo litakalobaki ni kwamba Gmail ya bure inasumbua kuiunganisha na Make, kuna usajili wa ziada upande wa Google.

Kijana_Posta
Sisi tuna Microsoft 365, kwa hiyo Power Automate ilikuwa tayari ndani, hatukuongeza hela. Kama barua zenu zingekuwa Outlook ningesema usitafute kingine. Kwa Gmail utakuwa unavuka mto kufuata maji.

Mambo mawili kwa watakaoitumia. Saa zake za ndani ni UTC (saa za kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa 3. Mwenzangu alitaka kikumbusho cha PAYE (kodi ya mishahara) saa 3 asubuhi, akaandika 3:00 kama tunavyosema Kiswahili. Kikamfikia bosi saa 12 alfajiri, tarehe 7, siku ya mwisho yenyewe. La pili, usiunde mtiririko kwa akaunti ya mtu binafsi. Akiacha kazi na akaunti ikafungwa, kila kitu kinasimama, na hamtajua mpaka mtu aulize.

jirani_wa_tazara
FundiKaratasi, kwako ni Google Apps Script, sehemu ya kuandika skripti ndani ya huduma za Google. Fungua jedwali la Google, nenda Viendelezi, imo humo humo, bure. Uiweke ijiamshe kila saa. Mipaka yake: kila ikiamka isizidi dakika 6, na Gmail ya bure inatuma kwa wapokeaji 100 kwa siku. Kwa ankara 15 hutaigusa.

Mtego uko kwenye lebo. Wengi huandika skripti inayobandika lebo "imesajiliwa" kisha inaruka zenye lebo. Lakini kwenye Apps Script lebo inabandikwa kwenye mazungumzo mazima. Msambazaji akijibu barua ya zamani na kuambatisha ankara mpya, skripti inaiona imeshasajiliwa, inapita. Mimi ilinimeza ankara nne. Hifadhi kitambulisho cha kila ujumbe kwenye safu yake, na kabla ya kuandika, skripti iangalie kama kipo.

FundiKaratasi
Shukrani. Na madereva wanaotuma picha za risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) kwa WhatsApp?

jirani_wa_tazara
Fomu ya Google yenye sehemu ya kupakia faili. Dereva awe ameingia akaunti ya Google kwenye simu yake. Wapige picha siku hiyo hiyo, karatasi zile zinafifia.

MamaWawili_Sinza
Naongeza tu: slipu za mishahara na nakala za vitambulisho msizipitishe huko kienyeji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa pia taarifa zinazotoka nje ya nchi, na hizi huduma zina seva huko nje.

Halafu, dada wa mapokezi umemuuliza? Yeye ndiye anajua nani anatuma proforma (makadirio ya bei kabla ya mauzo) na kuiita ankara. Skripti haijui.

FundiKaratasi
Nimemwita sasa hivi. Kwanza aliuliza kama anafukuzwa. Nilipomweleza, akachukua kalamu, kaandika mistari 19. Wa kwanza: "Yule wa matairi hatumi PDF, anaandika bei kwenye barua yenyewe." Wa pili: "Wa betri anatuma moja mara mbili, ya pili ndiyo sahihi."

Jirani wa Tazara, upo Jumatatu?