Ndago kwenye ukoka wa nyumbani: ing'olewe, ipigwe 2,4-D, Roundup au halosulfuroni?

Mbezi Kwetu:
Wakuu, habari za jioni. Mbele ya nyumba nina kieneo cha mita 12 kwa 10 hivi, Mbezi huku, udongo wa kichanga. Mwaka juzi nilipanda ukoka, huu mwembamba wa kawaida, ukashika vizuri mpaka watoto wakaugeuza uwanja wa mpira. Masika haya nikaagiza udongo wa kuziba mabonde, nikamwaga na samadi juu. Balaa likaanzia hapo. Magugu ya kishonanguo na kongwe yameota, lakini mengi ni haya majani membamba yanayong'aa. Nikikata leo, keshokutwa yameshaupita ukoka.

Nina ushauri wa aina tatu. Kijana wa jirani anataka elfu 40 ang'oe kwa mkono. Muuza pembejeo kaniuzia 2,4-D, anasema inaua magugu na kuacha majani. Fundi bustani anasema nipige Roundup eneo zima nipande upya. Nifuate lipi? Nyumbani kuna kuku, na mtoto wa miaka 3 anayetia mdomoni kila anachookota.

Bibi Maua:
Mwanangu, usitoe hata shilingi kwanza. Chuma bua moja la hilo jembamba, liviringishe vidoleni. Likiwa na pembe tatu, hiyo ni ndago. Likiwa la mviringo au bapa, ni nyasi nyingine, na habari inabadilika.

Kwanja:
Chumvi ya mawe mkuu. Mwaga, mwagia maji, kwisha.

Bibi Maua:
@Kwanja usimponze mwenzio. Chumvi itaua ndago, itaua ukoka, na hapo pataendelea kuwa upara muda mrefu. Chumvi na maji yanayochemka ni vya kwenye nyufa za sakafu ya uani, basi.

Mbezi Kwetu:
Shikamoo Bibi. Nimeviringisha mabua manne. Pembe tatu yote.

Agronomia:
Basi 2,4-D iweke kando kwanza. Ile ni dawa ya magugu ya majani mapana. Kishonanguo kichanga itakimaliza na ukoka wako hautadhurika ukifuata kipimo, lakini ndago si ya majani mapana, wala si nyasi ingawa inafanana nazo. Itajikunja kidogo, kisha itaendelea na maisha yake.

Tatizo la ndago liko chini. Ina vijiazi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, vingi viko kwenye sentimita 15 za juu, vingine huenda chini zaidi. Ukivuta jani, uzi unakatika na kiazi kinabaki. Na kiazi kilichotenganishwa na mama yake ndiyo kinaamka. Kijana wa elfu 40 atakuachia uwanja msafi kwa wiki mbili.

Kwanja:
Hapo nabisha. Kwangu Tanga nimeimaliza kwa mkono. Ila sikuvuta, nilichimba kwa uma mvua ikiwa imelainisha ardhi, nikatoa na vijiazi, halafu kila chipukizi jipya nilikuwa naliwahi likiwa na majani matatu manne. Ukiliwahi hivyo, kiazi kinakula akiba yake mpaka kinachoka.

Agronomia:
Eneo lilikuwa kubwa kiasi gani?

Kwanja:
Kama mkeka wa kulalia hivi.

Agronomia:
Kwa mkeka nakubali, tena ni njia bora kuliko dawa. Kwa mita za mraba 120 utakuwa umeajiriwa na ndago.

Mkulima wa Kiambu:
Niongeze kuhusu 2,4-D, kwa sababu ilinigharimu. Mimi hapa nyumbani nina nyasi za pemba, zile za jani pana, si nyasi za kikuyu kama za majirani. Nikapiga 2,4-D kwa sababu ya magugu, pemba ikageuka manjano, nusu ikafa. Baadaye nikasoma kwamba jamii hiyo ya majani haiivumilii. Mwezi uliofuata nikatumia bomba lilelile la mgongoni kupulizia nyanya, nimelisuuza mara moja tu. Nyanya zilijisokota kama masikio ya mbuzi. Kwa hivyo, wewe mwenye ukoka, dawa yenyewe haina shida kwako, ila weka bomba la magugu pekee, na usipulizie upepo ukivuma kuelekea mpapai au nyanya za jirani.

Mbezi Kwetu:
Na hii ya Roundup?

Agronomia:
Glaifoseti, ndiyo dawa iliyomo kwenye Roundup, haichagui, ukoka nao utakwenda. Ndago yenyewe itaungua na baadhi ya vijiazi vitakufa, ila vile vilivyolala bila jani juu havipati dawa, kwa hiyo utapanda ukoka mpya juu ya ndago ileile. Na kongwe ni sugu kwa glaifoseti, itabaki inakuchekea. Mimi huitumia kwa kupaka tu: glavu nene ya mpira, sponji, jani kwa jani.

Ya kuulizia dukani ni halosulfuroni. Inaingia kwenye ndago na kushuka mpaka kwenye vijiazi, ukoka unaivumilia, hata pemba. Usikate majani siku mbili kabla na siku mbili baada, ndago iwe na jani la kupokea dawa. Changanya na stika, ile ya kuishikisha dawa kwenye jani, kwa kuwa jani lake lina nta, maji yanateleza. Halafu vumilia: wiki ya kwanza huoni kitu, inakauka ya pili au ya tatu. Zitakazochipuka, rudia baada ya wiki sita hadi kumi. Angalia pakiti iwe na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mtoto na kuku wakae mbali mpaka dawa ikauke kabisa, na kuku mimi ningewafungia muda mrefu kuliko lebo inavyosema, maana wao wanadonoa majani.

Bibi Maua:
Kishonanguo na kongwe ng'oa kwa mkono leo, kabla ya mbegu. Hizo hazina vijiazi vya ndago. Kongwe usiitupe hapohapo, kipande cha bua kinaota tena. Samadi safari nyingine iache ioze mpaka ipoe. Na angalia kama kuna bomba la maji linalovuja hapo. Kila nilipokuta ndago imeshamiri, na maji yalikuwepo.

Mbezi Kwetu:
Bibi umeniona au? Koki ya uani inavuja tangu Januari.

Nimezunguka maduka matatu, halosulfuroni nimeipata la mwisho. Pakiti ni ya shamba! Kwa mahesabu yangu nahitaji kama gramu moja.

Agronomia:
Ndiyo, ya asilimia 75 ni pungufu kidogo ya gramu moja kwa mita za mraba 100. Usikadirie kwa kijiko cha chai, utaunguza ukoka.

Goba Juu:
Mkuu, nami nina ndago hizohizo, nasoma kimya tangu juzi. Tuchangie pakiti moja? Shemeji yangu ni sonara, ana mizani ya gramu.

Agronomia:
Msimpelekee sonara sumu mezani kwake. Nunueni kamizani kadogo ka kazi hiyo, na dawa ibaki kwenye pakiti yake. Msigawane kwenye chupa ya soda.

Mbezi Kwetu:
Sawa. @Goba Juu njoo Jumamosi asubuhi kabla ya upepo. Bomba langu ni jipya, halijaona nyanya.