Naomba ushauri: lishe inaweza kumwondolea mama mtoto wa jicho?

Mlezi wa Korogwe: Wakuu, mama yangu ana miaka 68. Jicho lake la kulia limeingia ukungu, akichambua mchele huacha vijiwe, na usiku taa za magari humtawanyikia. Nasikia karoti, mchicha na vidonge vya vitamini huondoa mtoto wa jicho bila upasuaji. Nimpe nini, na kwa muda gani?

Bi Mkubwa wa Pangani: Mwanangu, marehemu mume wangu alikunywa juisi ya karoti hadi viganja vikawa vya manjano, na bado alikuwa akimwamkia mbuzi akidhani ni jirani. Ninyi mmezidisha chipsi, mkiugua ndipo mnaikumbuka mboga.

Nesi Mstaafu: Karoti hufaa penye upungufu wa vitamini A, ambao hukausha jicho na kuleta upofu wa usiku. Mtoto wa jicho ni jambo jingine: protini za lenzi, kile kioo cha ndani ya jicho, hugandamana, na hakuna chakula kinachozirudisha zilivyokuwa. Wanaokula mboga za majani na matunda kwa miaka mingi huonekana kuupata kwa uchache, lakini utafiti wa AREDS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2001, haukuona vidonge vya vitamini C, E na beta-karotini (ile iliyomo kwenye karoti) vikiuzuia. Je, mama ana kisukari, au anatumia dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe?

Mlezi wa Korogwe: Kisukari anacho. Sikukitaja kwa kuwa niliuliza habari za macho.

Mdadisi: Na hospitali walisemaje?

Mlezi wa Korogwe: Walimpangia upasuaji, nami nikaomba uahirishwe, kwa sababu nimekwisha kulipia nusu ya bei ya vidonge vya miezi mitatu. Si vibaya kujaribu kwanza, upasuaji haukimbii.

Baba Wawili: Mjomba wangu alipowekewa lenzi ya bandia, aligundua kwamba shati lake alilodhani ni la rangi ya krimu lilikuwa jeupe pepe.

Mdadisi: Uzi huu unanuka tangazo. Vidonge vimetajwa, kesho atatokea wa kutoa ushuhuda, kisha namba ya simu.

Mlezi wa Korogwe: Ningekuwa muuzaji ningeficha jina la vidonge? Kopo limeandikwa vitamini C gramu 1 kwa siku.

Nesi Mstaafu: Huko Uswidi, waliotumia vidonge vya vitamini C vya kiasi hicho walionekana kupata mtoto wa jicho zaidi ya wasiotumia, ingawa hilo pekee halithibitishi kwamba vidonge ndivyo chanzo. Kwa mama, lishe yenye kazi ni ile inayoshusha sukari, kwa kuwa sukari iliyozidi hugeuka sorbitoli, kitu cha jamii ya sukari, ndani ya lenzi na kuvuta maji. Daktari wa upasuaji naye atataka sukari iwe imetulia. Asubuhi huwa ngapi?

Mlezi wa Korogwe: Hatujapima siku nyingi. Kesho nitampima kabla ya chai, kisha nitapiga simu kuomba tarehe nyingine. Lakini ile nusu niliyolipa, kuna aliyewahi kurudishiwa?

Mdadisi: Sasa ndiyo umeuliza lililokuleta.