Mbwa wa jeshi: kazi yao vitani ilikuwa nini hasa, na vita vilipoisha walipelekwa wapi?

Mdadisi_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa. Baba mdogo ameshikilia kwamba mbwa wa jeshi ni wa gwaride tu, mbele ya bunduki mbwa hana lolote. Mimi nimesoma kwamba Wamarekani walipeleka maelfu ya mbwa Vietnam. Sasa maelfu ya mbwa porini walikuwa wanafanya nini, kung'ata watu? Na vita vilipoisha walirudishwa kwao? Kama kuna aliyewahi kushika mbwa wa kazi, tafadhali atufungue macho.

Mstaafu_Banda

Kijana wangu, nimeshika mbwa wa polisi mpaka nikastaafu. Jeshini sijatumikia, ila habari za mbwa wa Vietnam nimezifuatilia miaka mingi kwa sababu kazi ni ileile.

Kung'ata kulikuwa sehemu tu ya kazi. Waliofunzwa ukali ni mbwa wa lindo, wale wanaozungushwa usiku kwenye uzio wa viwanja vya ndege na maghala. Desemba 1966, katika uwanja wa Tan Son Nhut kule Saigon, mbwa aitwaye Nemo aliwanusa wapiganaji waliobaki wamejificha baada ya shambulio. Alipigwa risasi karibu na jicho, akawavamia hivyo hivyo, halafu akarudi kumlalia mwongozaji wake aliyekuwa chini amejeruhiwa. Jicho lilipotea, lakini wote wawili walipona. Mwambie baba mdogo aanzie hapo.

Wanaonivutia zaidi mimi ni mbwa wa doria, waliotembea mbele ya kikosi msituni. Hawa hawakutakiwa kubweka hata kidogo, maana adui angesikia. Kazi yao ilikuwa kunasa harufu ya mtu aliyejificha au ghala la silaha, au kusita kabla ya mguu kugusa waya mwembamba uliotegwa njiani. Mwongozaji ndiye alitakiwa kumsoma mbwa wake. Nikueleze jinsi kusoma huko kunavyokuwa. Mbwa kwenye joto anahema, mdomo wazi, ulimi nje. Harufu ikimfikia, mdomo unafumba ghafla. Masikio yanasimama, kichwa kinaelekea upande mmoja na kubaki huko, mkia unakakamaa. Yote hayo ni sekunde mbili, tatu. Ukiwa unamtazama, unapiga goti na kuinua mkono, na watu wote walio nyuma yako wanasimama. Ukiwa unafikiria chakula, mmeingia kwenye mtego.

Upepo nao ni nusu ya kazi. Ukija toka mbele, mbwa anapata habari toka mbali sana. Ukitoka mgongoni, adui anaweza kuwa karibu kabisa na mbwa asijue, si kosa lake. Ndiyo maana mwongozaji mzuri hukata njia kwa pembeni ili mbwa aukabili upepo, hata kama mkuu wa kikosi ananung'unika kwamba mnachelewa.

Na joto! Mbwa anayehema sana hawezi kunusa vizuri, pua na mdomo haviwezi kufanya kazi mbili kwa pamoja. Sisi hapa Dar tulikuwa tunawatoa alfajiri, jua likipanda wanarudi kivulini na kupewa maji kidogo kidogo. Wengi wa mbwa waliopelekwa Vietnam walikuwa German Shepherd wenye manyoya mazito. Juu ya joto kukawa na kupe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa unaoenezwa na kupe uliwaua mbwa wengi wa jeshi kule. Mbwa anatokwa na damu puani, anadhoofu, anakwisha.

Swali lako la mwisho ndilo linaloniuma. Askari alikaa Vietnam mwaka mmoja akarudi nyumbani. Mbwa hakuwa na zamu ya kurudi. Alipewa mwongozaji mwingine, na baadaye mwingine tena. Kwenye vitabu vya jeshi mbwa alihesabiwa kuwa kifaa, na jeshi lilipoondoka, kifaa kiliachwa. Kati ya mbwa takriban 4,000 waliotumika, waliotoka Vietnam ni kama 200. Wengine walikabidhiwa jeshi la Vietnam Kusini, wengi walidungwa sindano wafe. Ugonjwa ule wa kupe ulikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Nemo alikuwa amerudishwa mapema, akaishi Texas mpaka 1972. Wapo waongozaji waliobeba uchungu huo hadi uzeeni, na mimi ninawaelewa. Mbwa aliyekutangulia njiani kila siku huwezi kumwandika pamoja na mahema na majenereta.

Mwl_Kihesa

Shikamoo mzee. Naomba kuongezea upande mwingine. Vita vya pili vya dunia Wasovieti walifunga mabomu mwilini mwa mbwa waende kulipuka chini ya vifaru vya Wajerumani. Waliwazoesha kula chini ya vifaru. Kufika vitani, mizinga inalia, vifaru vinatembea, mbwa wengine wakakimbia kurudi kwenye mahandaki ya wenyewe. Je, huko nako tutaita msaada?

Mstaafu_Banda

Marahaba mwalimu. Hapana, ule ni ukatili, na hata kikazi ulikuwa ubovu. Walizoeshwa kwa vifaru vya Kisovieti vyenye harufu ya dizeli, halafu wakatarajiwa wavifuate vya Wajerumani vinavyonuka petroli. Mbwa anatenda alichozoeshwa. Kama hukumzoesha mlio wa bunduki, usimpeleke penye bunduki.

Lakini vita hivyohivyo vina Chips. Familia moja ya New York ilimtoa mbwa wake kwa jeshi. Julai 1943 kule Sicily akachomoka mikononi mwa mwongozaji, akaingia mwenyewe kwenye kibanda kilichokuwa na bunduki ya rashasha, na Waitaliano waliokuwemo wakatoka wamejisalimisha. Jeshi la Marekani likampa nishani kisha likamnyang'anya kwa kuwa ni mnyama. Hata hivyo vita vilipoisha alirudishwa kwa familia yake. Kwa hiyo 1945 walijua namna ya kumrudisha mbwa nyumbani! Sheria ya Marekani ya kuruhusu mbwa wa jeshi wachukuliwe na watu wakizeeka imekuja mwaka 2000.

Dada_wa_Moro

Mzee, hao waliompa Chips nishani nyingine mwaka 2018, shirika la PDSA la Uingereza, ndio waliompa nishani ya dhahabu Magawa mwaka 2020. Magawa alikuwa panya buku wetu, alizaliwa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO hapa Morogoro. Alinusa mabomu 71 ya kutegwa ardhini Kambodia. Panya ni mwepesi, akikanyaga bomu halilipuki. Mbwa naye anaifanya kazi hiyo, kwa kunusa bila kulikanyaga. Kwa raia anayetaka kulima shamba lake baada ya vita, hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Mdadisi_Tabata

Asanteni sana. Baba mdogo nimemsomea, amekaa kimya kwa Nemo, amegoma kwa Wasovieti. Sasa anauliza: hawa mbwa wetu wa mtaani wanafundishika, au mpaka wa Kizungu?

Mstaafu_Banda

Wanafundishika. Stubby, mbwa maarufu wa Wamarekani katika vita vya kwanza, aliokotwa akizurura kwenye uwanja wa mazoezi mwaka 1917, akavushwa hadi Ufaransa, akawa anawaamsha askari gesi ya sumu ikianza kuingia. Mchukue akiwa mdogo, miezi miwili hivi. Jaribu hivi: mrushie mpira kwenye majani marefu. Akitafuta mpaka aupate, huyo ana moyo wa kazi. Akikata tamaa akaja kulala miguuni pako, mpende hivyohivyo lakini usimpe kazi ya kunusa. Na mpelekeni kwa daktari wa mifugo kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe.