Sumaku za molekuli na maada zenye vinyweleo: ni taaluma mbili au moja?

Mwanafunzi wa uzamili (swali)
Wanajukwaa, nawasalimu. Ninamalizia shahada ya uzamili katika kemia isokaboni na ninatafuta mada ya uzamivu. Nimekuwa nikisoma kazi za Profesa Jeffrey Long wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kinachonitatiza ni kwamba baadhi ya makala zake zinahusu molekuli zinazotunza usumaku kwenye baridi kali, na nyingine zinahusu maada zenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, vya kunasa kaboni dioksidi au kutenganisha gesi. Je, kuna uzi unaoziunganisha, au ni mtu mmoja mwenye taaluma mbili? Msimamizi wangu ananiasa nisishike yote mawili.

Mhadhiri wa kemia isokaboni
Ndugu, tazama alikoanzia. Long alihitimu uzamivu Harvard mwaka 1995 chini ya Richard Holm, bingwa wa vishada (molekuli zenye atomu kadhaa za metali zilizofungamana) vya chuma na salfa, kisha akaanza kufundisha Berkeley mwaka 1997. Miaka hiyo wakemia walikuwa bado wamechangamshwa na taarifa ya mwaka 1993 kwamba kishada chenye atomu 12 za manganisi kinaweza kutunza usumaku wake, kila molekuli ikijitegemea bila kuhitaji majirani. Kundi la Long likashika sayanidi, yaani ioni ya kaboni na nitrojeni, kwa sababu ioni hiyo huunganisha metali mbili kwa mstari ulionyooka, na hivyo humwezesha mkemia kukisia, kabla hajachanganya chochote, elektroni za metali hizo zitaathiriana vipi. Sayanidi hiyohiyo ikiachwa ijenge mtandao badala ya kishada, hutoa jamii ya buluu ya Prussia (rangi ya zamani ya chuma na sayanidi), ambayo ikikaushwa maji hubaki na uwazi ndani yake. Mwaka 2005 kundi lake lilichapisha makala kuhusu kuhifadhi haidrojeni ndani ya maada za jamii hiyo. Kwa maoni yangu hakuhama fani. Swali lake lilibaki lilelile: ukiipanga metali na ligandi zake (molekuli au ioni zilizoshikamana nayo) hivi, elektroni zake zitafanya nini?

Mtafiti wa utenganishaji wa gesi
Naongeza mfano mmoja ambao, kwangu mimi, unamaliza ubishi. Kuna maada ya chuma yenye mifereji ya pembesita, ambamo kila ioni ya chuma, kiyeyushi kikishaondolewa kwa joto na ombwe, hubaki na nafasi moja tupu inayoelekea ndani ya mfereji. (Nafasi hiyo ni tamu kwa gesi na ni balaa kwa mtafiti: oksijeni ikipenya kwenye joto la kawaida, sampuli imeharibika.) Mwaka 2012 kundi la Long lilionyesha katika jarida la Science kwamba maada hiyo hutenganisha ethilini na ethani, kazi ambayo viwandani hufanywa kwa kunereka kwenye baridi na shinikizo kubwa, hivyo hula nishati nyingi. Ethilini hushikamana na chuma kupitia bondi yake maradufu, wakati ethani huguswa juujuu tu.

Sasa angalia walichofanya pia: waliipima usumaku. Maada ikiwa tupu, ioni za chuma zilizo kwenye mnyororo mmoja huelekeza spini zao, yaani usumaku mdogo wa elektroni zao, upande mmoja. Ethilini ikiingia, spini za majirani huanza kupingana. Ethani ikiingia, mwelekeo ule wa kwanza hubaki, ila hudhoofika. Kumbe usumaku wenyewe unaeleza jinsi gesi ilivyoshikwa. Asiyejua usumaku angepima kiasi cha gesi na joto linalotoka inaposhikwa, akaishia hapo.

Mhariri wa makala za kisayansi
Uzi upo, sibishi, lakini msimamizi wako naye ana hoja, kwa sababu fani hizi mbili zinahukumiwa kwa mizani tofauti. Kwenye sumaku za molekuli, jambo la kwanza kuulizwa ni molekuli hutunza usumaku wake hadi kiwango gani cha joto. Mwaka 2011 Long na wenzake waliweka radikali ya nitrojeni (yenye elektroni isiyo na jozi) kati ya ioni mbili za metali ya terbi wakafikia takriban kelvini 14. Mwaka 2018 kundi jingine, kwa ioni ya metali ya disprosi iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni, lilifika kelvini 80, juu ya kiwango cha kuchemka kwa nitrojeni ya kimiminika, ambacho ni 77. Kwenye kunasa kaboni dioksidi maswali hayaishi: mvuke wa maji utafanya nini, maada itastahimili mizunguko mingapi, ligandi itagharimu kiasi gani. Profesa mwenye kundi kubwa anaweza kugawa maswali hayo kwa watu wengi, na zile makala unazosoma ni jasho la wengi. Mwanafunzi mmoja ana miaka michache tu.

Mwanafunzi wa uzamili
Nashukuru sana. Basi nikichagua upande wa gesi, nijifunze nini kwanza ili mlango wa usumaku usifungwe?

Mtafiti wa utenganishaji wa gesi
Anza na kazi ya mikono: kuandaa na kuhamisha sampuli bila hewa, ndani ya kisanduku cha glavu na kwenye mfumo wa ombwe, kwa sababu pande zote mbili zinaihitaji na haifundishiki vitabuni. Kisha soma nadharia ya uga wa ligandi, inayoeleza jinsi ligandi zinavyopanga elektroni za metali, mpaka uweze kueleza kwa nini chuma cha maada niliyoitaja kina elektroni nne pweke, zisizo na jozi. Ukipata maada yenye ioni zilizo na nafasi tupu, omba muda kwenye kipima usumaku hata kama mpango wako wa utafiti haukutaji kifaa hicho.