Wageni wanapata intaneti, mimi fundi siingii kwenye akses pointi

fundi_chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaenda kuazima ngazi.

Nipo Tanga, nafunga waifai kwenye nyumba ya wageni huku Raskazone. Akses pointi nne (vile vifaa vinavyorusha waifai), swichi moja ya PoE ya mtumba (inapitisha umeme na data kwenye waya mmoja), ruta moja. Nimeanza na ile ya barazani inayotazama bahari, nikijisemea nikikosea nikosee moja. Ujinga wangu ni kwamba ndiyo ngumu kuifikia kuliko zote, bila ngazi huigusi.

Mpango wangu ni VLAN mbili, yaani mitandao miwili iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile: VLAN 10 ya usimamizi (ya mimi kuingia kwenye vifaa), VLAN 20 ya wageni. Akses pointi nimeipa 192.168.10.21, ruta 192.168.10.1. Mwanzoni poti ya 4 ilikuwa ya kawaida ndani ya VLAN 10, nikaingia kwa brauza bila shida. Mtandao wa wageni nikaupeleka VLAN 20, kisha kwenye kisanduku cha VLAN ya usimamizi nikaandika 10, nikahifadhi. Ikapotea palepale. Nikaona sawa, poti bado si trunki, yaani haipitishi VLAN zaidi ya moja. Nikaandika hivi:

`interface FastEthernet0/4`
`switchport mode trunk`
`switchport trunk native vlan 10`
`switchport trunk allowed vlan 10,20`

Sasa kituko. Wageni wanapata intaneti, hata simu yangu imepewa 192.168.20.37. Lakini nikiipingi 192.168.10.21 (kuiita nione kama inajibu), kimya. Na nikiandika `show mac address-table`, MAC ya akses pointi (anwani ya kifaa chenyewe) naiona pale poti ya 4, VLAN 10. Yaani ipo, naiona, na hainijibu, kama jirani mliyegombana. Mwenye nyumba kila akipita ananiuliza kwa nini nisichomeke sindano kwenye kile kitobo cha riseti yaishe.

baharia_mstaafu:
Kebo hiyo. Huku pwani chumvi inakula pini za RJ45, kile kichwa cha kebo, miezi sita tu zimeota kutu ya kijani. Kata kichwa, piga kingine.

fundi_chumbageni:
Kaka, kebo ingekuwa imekufa wageni wangepataje intaneti? Wanapita kwenye waya uleule.

dada_trunki:
Mdogo wangu, ngazi iache huko huko, na sindano mrudishie mwenyewe. Kosa lipo kwenye mstari wako wa tatu.

Ukisema native ni 10, umeiambia swichi kwamba fremu (vipande vya data) zote za VLAN 10 zitoke poti hiyo bila tagi, ile alama ya namba ya VLAN. Huku upande wa pili, kwenye kisanduku kile, umeiambia akses pointi kwamba usimamizi uje na tagi ya 10. Basi akses pointi ikituma chochote, kinakuja na tagi 10, swichi inakipokea na kuandika MAC yake VLAN 10. Ndiyo hiyo unayoiona. Pingi yako inapokwenda, swichi inaivua tagi mlangoni, akses pointi inaiona haina tagi, inaitupa. VLAN 20 ina tagi pande zote mbili, ndiyo maana wageni hawana habari na shida zako.

Njia ni mbili: pande zote ziwe na tagi, au pande zote zisiwe nayo. Kwa kuwa akses pointi huifikii, rekebisha swichi, native iwe nyingine ili 10 nayo itoke na tagi:

`switchport trunk native vlan 999`

Hiyo 999 itengeneze, isitumike na kitu chochote. Orodha ya 10,20 iache ilivyo. Na siku ukitaka kuongeza VLAN 30 andika `switchport trunk allowed vlan add 30`. Ukisahau hilo `add`, 10 na 20 zinafutika, inabaki 30 peke yake. Mimi nilisahau nikiwa Tanga mjini, swichi yenyewe ipo Pangani. Nikapanda basi kwenda kuandika herufi tatu.

Zile tatu zilizobaki usiziwekee 999 mapema. Kwa sasa zinaongea bila tagi, ukizibadilishia native hutaziona kabisa. Poti ibaki native 10, ingia kwenye akses pointi, weka VLAN ya usimamizi 10, hifadhi, ikikupotea ndipo uende kwenye swichi ubadilishe. Moja moja, usizifanye zote kwa mpigo.

fundi_chumbageni:
Dada, imejibu! Pingi nne kwa nne. Halafu nikasema ngoja nijaribu kwa simu nikiwa kwenye waifai ya wageni. Nikaandika 192.168.10.21 kwenye brauza, ukurasa wa kuingia ukafunguka kama kawaida. Mbona, si nimetenganisha VLAN?

dada_trunki:
Swichi imetenganisha, ruta imeunganisha. VLAN zote mbili zina lango kwenye ruta hiyo hiyo, na ruta kazi yake ni kupitisha. Weka sheria: kutoka 192.168.20.0/24 (anwani zote za wageni) kwenda 192.168.10.0/24 (zote za usimamizi), zuia. Iwe juu ya ile inayowaruhusu kwenda nje, maana sheria zinasomwa kuanzia juu. Ukimaliza, zima Telnet na HTTP kwenye akses pointi (njia za kuingia zisizoficha nywila), acha SSH na HTTPS zinazoificha. Na nywila, tafadhali usiniambie bado ni ile iliyokuja nayo kwenye boksi.

fundi_chumbageni:
Nywila tusiiongelee 😅 nimeshabadilisha, dakika mbili zilizopita.

Sheria nimeweka, simu sasa inazunguka tu mpaka inachoka. Kesho asubuhi naendelea na ile ya ngazini, kisha mbili za ghorofani.

baharia_mstaafu:
Kebo bado uiangalie.